Tanuri Lililoharibika kwa Miaka Kumi na Mmoja

Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi wa hospitali yetu. Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi. Madaktari, wauguzi na mafundi wa maabara, wa leo na wa zamani. Ndugu wageni waalikwa. Wagonjwa wetu, mliomaliza matibabu na mnaoendelea nayo. Na wewe Mama wa safu ya tatu, uliyekaa karibu na dirisha, mkoba magotini, ukidhani macho yangu ya uzee hayafiki huko: nawasalimu nyote kwa heshima.

Niwieni radhi nikizungumza nimeketi. Moyo wangu umechoka, na daktari wangu, ambaye yupo hapa, ameniruhusu dakika ishirini za kuongea na si zaidi. Binti yangu ndiye mshika saa. Wanaomjua binti yangu wanajua kwamba dakika ya ishirini na moja haitafika.

Basi nianze na furaha, maana furaha ndiyo iliyotukusanya.

Nyuma ya mlango ule wenye utepe mwekundu kuna chumba chenye meza nne, mashine mbili zinazonguruma kama jokofu kuukuu, na kabati la chuma lenye droo mia tatu. Humo ndani, kuanzia leo, mgonjwa wa saratani ya ngozi atajibiwa swali ambalo mimi niliulizwa kwa miaka thelathini na minane na sikuwahi kulijibu bila kubahatisha. Swali lenyewe mnalijua, nyote mliowahi kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya daktari. Si lile la "hii ni saratani?" Hilo hadubini hulijibu. Ni lile linalofuata, ambalo watu huliuliza wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Daktari, itasambaa?"

Itasambaa? Sisi tulikuwa na rula. Saratani ninayoizungumza ni ile inayoanzia kwenye chembe zinazotia ngozi rangi; huonekana kama doa jeusi, mgongoni, mkononi, chini ya ukucha, kwenye unyayo. Tuliikata, tukaiweka chini ya hadubini, tukapima kwa milimita imezama kiasi gani. Iliyozama sana tuliiogopa. Ya juu juu tulimwambia mtu, nenda nyumbani, ulale. Na mara nyingi tulikuwa sahihi. Lakini nani kati yenu, madaktari wenzangu, hajawahi kumwona mwenye doa jembamba akirudi baada ya mwaka, mapafu yamejaa? Na nani hajawahi kumpa mtu dawa kali zilizomlaza kitandani miezi minane, kumbe saratani yake, pamoja na unene wake wote, haikuwa na nia ya kwenda popote?

Rula hutuambia chembe zimefika wapi. Kipimo kinachozinduliwa leo hutuambia zinajiandaa kwenda wapi. Huchukua kipande cha saratani chembamba kuliko karatasi, husoma ni vinasaba gani vimeamka na vipi vimelala, kisha husema: huyu yumo hatarini, huyu hayumo. Hukosea? Ndiyo, hukosea, na yeyote atakayewaambia hakikosei mfukuzeni. Lakini kilipojaribiwa kwa watu ambao rula ilisema wako salama na hawakuwa salama, kiliwatambua tisa katika kila kumi. Tisa! Mimi niliwatambua wangapi? Sikumtambua hata mmoja.

Mwoka mikate wa barabara ya nyuma ya hospitali yuko wapi? Simama, mama, usione haya. Huyu mwaka juzi alikatwa doa begani. Rula ilisema nukta saba ya milimita, jambo dogo, nenda kaoke mikate yako. Kipimo, kikiwa bado cha majaribio, kikasema: mshikeni huyo. Wakatafuta kwenye tezi za kwapani, wakaikuta saratani ikiwa bado haijapata nguvu. Nimemuuliza leo asubuhi, "Hali, mama?" Akanijibu, "Mzee, hali yangu nzuri kuliko yako." Na kweli tupu!

Mpigieni makofi. Wapigieni pia vijana wa maabara hii na kiongozi wao, mwanafunzi wangu wa mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha, ambaye darasani tulimwita Kwa Nini, kwa sababu hakuna sentensi niliyowahi kuimaliza mbele yake bila yeye kuuliza hivyo. Nilimwona msumbufu. Leo nasema hadharani kwamba huyu ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha, na kwamba alijifundisha mwenyewe.

Sasa, ndugu zangu, juu ya mlango ule kuna kibao kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kadi zenu za mwaliko zinasema kwamba chumba kinapewa jina langu. Barua ya Bodi iliponifikia, binti yangu aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akasema, "Baba, mbona hufurahi?" Nikamwambia ni moyo. Na kwa kweli ulikuwa moyo, ila si ule anaoutibu daktari wangu.

Niwasimulie habari ya kipande kimoja cha nyama.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita nilikuwa mkuu wa maabara ya hospitali hii. Nilikuwa na sifa moja niliyoipenda kuliko mke wangu alivyopenda: nilisoma haraka. Vioo arobaini kabla ya chai ya saa nne. Wageni waliletwa kunitazama. Nilitembeza kioo chini ya hadubini, nikatamka, karani akaandika, kioo kingine. Nilivimba kichwa, hata kofia za zamani hazikunitosha.

Kwenye chumba cha kukatia alikuwako fundi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, tuliyemwita Mama Nta. Mnaofanya kazi hii mnaijua, nawaeleza wengine. Kipande cha mgonjwa huzamishwa kwenye nta ya moto, nta ikaganda kama mche mdogo wa sabuni, kisha fundi hukata kutoka kwenye mche huo kipande chembamba mno, akakilaza juu ya kioo. Daktari huona kile tu ambacho fundi amekikata. Basi kazi ya Mama Nta ilikuwa ya mikono, na sisi tuliosoma tuliichukulia hivyo, kana kwamba mikono hiyo haikuwa na mtu.

Asubuhi hiyo kililetwa kipande cha ngozi ya unyayo cha mwalimu mmoja wa hesabu. Ngozi ya unyayo ni ngumu, ikikauka hujikunja. Ilikuwa imejikunja ndani ya nta. Mama Nta akaja mlangoni kwangu na kioo mkononi.

"Daktari, kipande hiki kimelala upande. Nilichokata ni ukingo tu. Naomba nusu saa niyeyushe nta, nikilaze sawa, nikate ndani zaidi."

Nilikuwa kwenye kioo cha thelathini na sita. Nikamwambia, "Mama Nta, kwani nani anasoma hapa?"

"Wewe, Daktari."

"Na nani anakata?"

"Mimi."

"Basi kata, niachie kusoma."

Wenzangu wakacheka. Akaweka kioo mezani, akaondoka. Nikakisoma kwa dakika moja, pengine pungufu. Nukta saba ya milimita. Nikaandika kwamba hakuna haja ya matibabu zaidi. Nikawahi chai.

Baada ya miezi kumi na minne mwalimu alirudi na mtoki kinenani mkubwa kama yai. Baada ya miezi mingine mitano alifariki. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliacha mke, mtoto wa kiume, na darasa la wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani.

Familia iliuliza, na ilikuwa na haki ya kuuliza. Kikaitishwa kikao. Na hapa, Mheshimiwa Waziri, ndipo ninapofika kwenye lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu yeyote mpaka mwezi uliopita.

Chumba cha kukatia kilikuwa na daftari. Kila kipande kiliandikwa: saa, namba, hali yake. Siku moja kabla ya kikao nilikwenda kule wakati mafundi wamekwenda kula, nikafungua daftari, nikaona mstari wake, nikachana ukurasa. Niliukunja mara nne nikautia kwenye mfuko wa koti. Kesho yake nikaulizwa mbele ya kikao, "Daktari, ilikuwaje?" Nikajibu: "Kioo kilikatwa vibaya. Mimi nilisoma nilichopewa."

Mama Nta akasema, "Nilimwomba nikate upya. Iko kwenye daftari."

Wakaleta daftari. Wakafunua. Haikuwamo. Akalichukua yeye mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mshono, pale karatasi ilipochanika, polepole, kutoka juu hadi chini. Akainua uso akanitazama. Nilitazama saa ya ukutani. Kisha akafunga daftari, akalirudisha mezani, akakaa kimya.

Kwa nini ulinyamaza, Mama? Kila mara nimejiuliza. Kwa nini hukupiga kelele?

Naam? Sema tena, masikio yangu nayo yamestaafu.

Mmemsikia? Kwa waliokaa nyuma, anasema: "Nilikuwa na watoto wawili na kazi moja."

Ndiyo. Ndiyo, Mama. Nimesikia.

Alivuliwa koti la maabara akapelekwa ghala la chini, kule kwenye rafu za vipande vya zamani, penye balbu moja na unyevu. Alipewa kalamu, daftari la shule na kazi moja ambayo hata mtoto angeiweza: kila mwisho wa mwaka, atoe mche wa nta wa kila mgonjwa aliyetimiza miaka kumi, akaichome yote tanurini. Ndivyo kanuni ilivyosema, na amri ya kuchoma niliisaini mimi.

Mwaka wa kwanza niliandika: "Vichomwe." Amri ikarudi na maandishi yake chini: "Tanuri limeharibika." Nikaandika "Nimeona," nikasaini. Mwaka wa pili: "Vichomwe." "Tanuri limeharibika." "Nimeona." Mwaka wa tatu vilevile, na wa nne, hadi wa kumi na mmoja, nilipostaafu; aliyenirithi hakuiandika tena amri hiyo. Ndugu wageni waalikwa, tanuri hilo lilikuwa nyuma ya dirisha la ofisi yangu. Lilitoa moshi kila Alhamisi! Nililazimika kufunga dirisha! Na kila mwaka nikaandika kwamba nimeona.

Chekeni, chekeni, ni haki yenu. Kwa namna nilivyosoma zile amri, ndivyo nilivyosoma na unyayo wa mwalimu.

Na yeye hakutunza tu. Dirisha la kutolea vyeti vya wagonjwa lilikuwa kando ya ngazi ya ghala. Kila ndugu wa mgonjwa aliyekuja kufuata karatasi, Mama Nta alipanda ngazi akamsalimu: "Mgonjwa wetu hajambo?" Akaambiwa, akashuka, akaandika. Nimeyasoma madaftari hayo, yako kumi na tisa. "Yupo, ana wajukuu." "Katangulia, ini." "Yupo, kahama, dada yake kasema kanenepa." "Katangulia, mapafu, mwaka wa tatu." Watu elfu mbili mia nne na kumi na saba. Nani alimtuma? Hakuna. Nani alimshukuru? Hakuna. Kulikuwa na mapacha wawili wa kila mtu mle ghalani: kipande chake ndani ya nta, na habari yake ndani ya daftari, na hakuna hospitali niijuayo iliyokuwa na hazina kama hiyo.

Kwa Nini aliposhuka ngazi zile miaka minane iliyopita, akitafuta angalau vipande hamsini vya zamani vya kujaribia wazo lake, alikuta rafu zimejaa hadi darini. Yeye mwenyewe alinisimulia. Alisema, "Mama, hivi kwa nini havikuchomwa?"

"Tanuri liliharibika."

"Miaka yote hii?"

"Mwanangu, tanuri la hospitali hii ni bovu sana."

Baada ya kamati ya maadili kutoa idhini, wakaanza. Mashine ilisoma vipande bila kuambiwa mwenye kipande aliishi au alifariki. Ilipomaliza kutabiri wote, ndipo wakafungua madaftari ya Mama Nta kulinganisha, ukurasa kwa ukurasa. Kipimo hiki kilizaliwa siku hiyo. Bila rafu zile kisingekuwepo, au kingekuja baada ya miaka ishirini mingine. Na mwoka mikate wetu asingeweza kuisubiri.

Jioni ya siku hiyo Kwa Nini alinipigia simu. "Profesa, tumefanikiwa! Ila kuna kimoja kinanitatiza. Unyayo. Ripoti yako inasema nukta saba. Kipimo kinasema hatari kubwa. Tumekilaza upya tukakata ndani zaidi, tumepata mbili nukta sita. Na kwenye daftari Mama Nta hakuandika yupo wala katangulia. Ameandika: 'Huyu ni wangu.' Maana yake nini?"

Mnajua nilimjibu nini mwanafunzi wangu bora? Nilimwambia mtandao unasumbua. Nikakata simu.

Mama Nta aliubeba msiba wa mwalimu kama wake, kwa sababu mikono yake ilikigusa kile kipande na hakupewa nusu saa. Mimi niliyemnyima nilikaa nyumbani nikisubiri jina langu liandikwe mlangoni.

Mwezi uliopita, moyo ulipoanza kunihesabia siku, nilikwenda kwa mjane wa mwalimu. Anakaa ghorofa ya nne. Nilipumzika kila ghorofa, binti yangu akininung'unikia nyuma yangu. Mjane alinipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akasema, "Mume wangu hakumpa mwanafunzi alama kwa jibu tu. Alikuwa anasema, nionyeshe njia uliyopita, nione ulipokosea. Wewe umeniletea jibu chumbani kwangu. Kaonyeshe njia mbele ya watu, kule yule mama aliposingiziwa. Mimi siji, magoti yangu mabovu. Lakini mwanangu atakuja, na atanieleza kama umesema au umezungukazunguka."

Kijana wa mwalimu, nakuona. Una kipaji cha uso cha baba yako. Mwambie mama nimesema. Nawe nakuomba radhi, na sikudai jibu.

Huu hapa ukurasa. Niliutunza kwenye kitabu ambacho nilijua hakuna mtu nyumbani kwangu angekifungua, kitabu nilichokiandika mwenyewe. Umekuwa wa njano, mikunjo inaachia. Mama Nta, niusome, au uje usome wewe?

Anasema nisome, lakini nivae miwani kwanza. Bado ananiamuru, na bado yuko sahihi.

"Saa nne kasoro dakika kumi. Unyayo, mwalimu. Kipande kimelala upande, hakifai kupimwa. Daktari ameombwa nikate ndani zaidi. Amekataa. Nimekata nilichokata."

Mheshimiwa Waziri, nakukabidhi ukurasa huu mbele ya mashahidi hawa wote, pamoja na barua yangu niliyoisaini. Naomba faili la fundi huyu lisafishwe, na iandikwe kwa wino kwamba hakukosea. Aliyekosea nilikuwa mimi, na aliyedanganya nilikuwa mimi. Naomba pia sheria moja ndogo kwa chumba hiki kipya, na vijana wa maabara wamekubali: fundi akisema kipande kikatwe upya, kikatwe, hata kama anayesoma ni profesa. Hasa kama ni profesa.

Limebaki la kibao. Mkurugenzi, nakuomba usinitazame hivyo; utanifanya nini, utanifukuza kazi? Jana mchana nilimpigia fundi wa vibao. Nilimwambia kuna kosa la jina. Akaniuliza, "Mzee, kosa dogo au kubwa?" Nikamwambia kubwa. Amefanya kazi safi. Chini ya kitambaa kile kuna majina yote matatu ya Mama Nta, kama yalivyoandikwa kwenye barua ya kumpeleka ghalani, herufi kwa herufi. Maana niliisaini, na safari hii nimeisoma.

Binti yangu ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili zinanitosha.

Wanafunzi wangu, msiondoke hapa na huzuni yangu, ni yangu peke yangu. Ondokeni na hili: saratani iliyotucheka miaka yote, ikijificha kwenye nukta saba ya milimita, leo imepata mtu wa kuisoma mawazo. Watu wataishi. Wengine wameketi humu, wengine bado hawajaliona hata hilo doa. Wataoka mikate, watafundisha hesabu, watanenepa, na hakuna atakayejua kwamba wanadaiwa uhai na mwanamke mmoja na uongo mmoja juu ya tanuri. Lakini nyinyi mnajua sasa.

Kwa kunivumilia hadi hapa, nawashukuru wote kwa moyo wangu huu mbovu uliobaki.

Mama Nta, njoo mbele. Mwoka mikate, mpishe apite. La, sihitaji kushikwa mkono, mshikeni yeye. Ngazi ile ya jukwaa ni fupi lakini ina utelezi. Mkasi uko kwenye sinia, mbele ya Mheshimiwa. Uliniomba nusu saa, Mama, nami nimechelewa miaka thelathini na mmoja kukupa.

Kata.